Mpea mwitu wa Gede haupo: kisa cha bango moja la darasani

Bango lilikuwa zuri. Nalisema hilo kwanza kwa sababu wengi wakisikia kisa hiki huwacheka wanafunzi kabla hawajakisikia hadi mwisho. Lilikuwa la karatasi mbili za manila zilizogundishwa, mwandiko umenyooka, picha mbili zimechapishwa kwa rangi mjini Malindi kwa pesa ambazo najua zilitoka kwenye nauli. Kushoto, kindi juu ya tawi, mkia umemlalia mgongoni. Kulia, mti usio na jani hata moja, umejaa maua meupe kana kwamba umemwagiwa unga. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: KINDI NA MPEA MWITU, MAJIRANI WA MSITU WA GEDE.

Wenye bango ni wawili, kidato cha tatu: binti wa Gede, hapa pwani ya Kenya, na mwenzake, kijana wa Malindi mjini. Darasa zima nililipa kazi moja: chagueni mnyama mmoja na mmea mmoja, mvilinganishe viumbe hivyo kwa yale tuliyosoma kwenye uainishaji. Rasimu yao niliisoma mimi mwenyewe nikaitia sahihi. Siku ya wazazi bango likatundikwa, watu wakapita, wakalisifu. Kisha akaja babu yake yule binti, mzee anayefuga nyuki kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika katikati akarudi juu akaanza upya. Halafu akamwita mjukuu wake.

"Huu mpera mwitu uko upande gani wa msitu?"

"Si mpera, babu. Mpea."

"Mpea ni mparachichi. Mparachichi wa mwituni hapa kwetu hakuna."

"Si huo, babu. Ni pea lile jingine, la baridi."

"Haya. Na barafu hii iliyoandikwa hapa, Gede ilianguka lini?"

Alikuwa akiulizia sentensi iliyosema kwamba matunda ya mti huo ni madogo na makali, na huwa matamu baada ya kupigwa na barafu ya usiku. Yule binti akanyamaza. Mzee akanigeukia mimi, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini mti wenye maua haya ungekuwa msitu huu, nyuki wangu wangeujua kabla yangu."

Sentensi ile ya barafu niliisoma siku tatu kabla, nikaipita. Hilo limeniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya nikae na wanafunzi wale jioni mbili, tukaifungua kazi yao neno kwa neno na picha kwa picha. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Mti mmoja, miti minne

Tulianza na picha ya mti kwa sababu picha haina lugha. Maua meupe yenye petali tano, mti uko uchi, gamba la shina ni jeusi na limepasukapasuka. Picha ilichukuliwa Afrika Kusini na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo wanafunzi hawakuzichapisha, kulikuwa na jina la kisayansi: Dombeya rotundifolia.

Mti huu hukua kwenye nyika zenye miti za bara, kuanzia Afrika Kusini ukipanda kaskazini hadi Kenya na Ethiopia. Si mrefu sana. Mara nyingi huwa kati ya mita 5 na 10. Neno la pili la jina lake ni la Kilatini na maana yake ni mwenye majani ya mviringo, na majani hayo yanakwaruza mkono kama msasa. Neno la kwanza linamkumbuka Joseph Dombey, mwanamimea Mfaransa wa karne ya 18 ambaye maisha yake yangefaa kusimuliwa barazani: alitumwa apeleke Marekani vipimo vya mita na kilogramu, dhoruba ikakisukuma chombo chake hadi visiwa vya Karibi, maharamia wakakiteka, naye akafia kifungoni Montserrat mwaka 1794.

Sasa, kwa Kiingereza mti huu huitwa kwa jina ambalo ukilitafsiri neno kwa neno unapata "pea mwitu". Walowezi wa kusini waliona maua yake yakifanana na maua ya mipea waliyoiacha Ulaya, wakalibandika jina. Kufanana kwenyewe kuliishia kwenye ua. Waliokuwa wenyeji wa mti huo hawakuwahi kuona pea ndani yake: kwa Kizulu huitwa inhliziyonkulu, moyo mkubwa, na msomaji wa Kiswahili ataitambua hapo "-kuu" yetu.

Mpea halisi wa mwituni ni mti mwingine kabisa, Pyrus pyraster, wa Ulaya. Una miiba, unaweza kufika mita 20, na matunda yake ni madogo, magumu, yenye ukakasi unaopungua baridi kali ikishayapiga. Ndiyo ile barafu ya bango. Mwanafunzi wangu aliandika jina la Kiingereza kwenye simu, ikamletea picha kutoka Afrika Kusini na maelezo kutoka Ulaya, vyote chini ya jina moja, naye akavishona pamoja kwa uaminifu mtupu. Hapo hakuna alichobuni. Kila sentensi aliyoinakili ilikuwa kweli mahali fulani duniani.

Umbali kati ya miti hiyo miwili tuliupima kwa familia zake. Mpea wa Ulaya ni wa familia ya waridi, pamoja na tufaha. Dombeya ni wa familia ya Malvaceae, na hapa darasa liliamka, kwa sababu familia hiyo tunaila na kuivaa kila siku: bamia ni humo, pamba ni humo, msufi ni humo, na mbuyu ni humo. Vitabu vya zamani viliuweka Dombeya kwenye familia ya jirani ambayo siku hizi imeunganishwa na hii, kwa hiyo mwanafunzi akikuta jina tofauti asishtuke. La kushika ni kwamba "mpea mwitu" wa pichani ni ndugu wa mbuyu, na kwa pea hana undugu wa karibu hata kidogo.

Miti miwili hiyo ni ya picha na maelezo. Mingine miwili ni ya lugha yetu wenyewe, na ndiyo iliyomfikia mzee.

Mpea, kwa Mswahili mzima wa pwani, ni mparachichi. Wengine huuita mwembe mafuta. Asili yake Amerika, na familia yake ni ile ya mdalasini. Mpera nao, herufi moja tu zaidi, ni mti wa mapera, wa Amerika pia, familia ya mkarafuu na mzambarau, na huota wenyewe popote ndege alipodondosha mbegu. Mzee aliposoma "mpea mwitu" jicho lake liliongeza herufi iliyokosekana ili neno liwe na maana ya hapa: mpera uliojiotea. Hakukosea kusoma. Alilirekebisha neno lisilo na mti.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo lingetusaidia tangu mwanzo kama ningelikumbuka. Neno "mwitu" kwetu haliahidi undugu. Mbwa mwitu si mbwa aliyetoroka nyumbani akaingia porini. Wanasayansi wamemweka kwenye jenasi, yaani kundi la viumbe wa karibu kabisa, yake peke yake, mbali na ya mbwa wetu. Jina linasema tu kwamba anafanana na mbwa na anaishi mwituni. Mtoto wa Malindi analijua hilo bila kufundishwa, na lau ningemwambia "pea mwitu lichukulie kama mbwa mwitu", angeelewa kwa dakika moja kile ambacho jina la kigeni lilimficha kwa wiki mbili.

Kindi naye

Kwa kindi kosa lilikuwa lilelile, ila lilijificha zaidi kwa sababu kindi kweli yupo Gede. Kila aliyeingia kwenye magofu ya mji wa kale asubuhi amemwona akikimbia juu ya ukuta wa msikiti.

Picha ya bango ilikuwa ya Paraxerus cepapi. Andrew Smith, daktari wa Kiskoti, ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1836. Kusini mwa Afrika watu humwita kindi wa mti, kana kwamba ndiye peke yake. Ni mnyama wa gramu kama 200, urefu wa sentimita kama 35, na karibu nusu ya urefu huo ni mkia. Anaishi kwenye nyika zenye miti kutoka Afrika Kusini na Namibia hadi Kongo na Tanzania. Kenya hayupo. Rangi yake ni kijivu chenye manjano hafifu, tumbo limepauka.

Wa kwetu ni Paraxerus palliatus, aliyeelezwa na Wilhelm Peters mwaka 1852. Ni wa jenasi hiyohiyo, kwa hiyo ni ndugu wa karibu, lakini huyu ni mnyama wa misitu ya pwani, kuanzia kusini mwa Somalia hadi KwaZulu-Natal, na tumbo na mkia wake vina wekundu ambao huwezi kuukosa. Mzee alikuwa ameshaona hilo pia, akalinyamazia mpaka tulipomuuliza: "Kuchakuro wetu ana tumbo jekundu. Huyu wenu amevaa kanzu ya majivu." Pwani yetu ina kindi wengine pia, akiwemo Heliosciurus undulatus aliye mkubwa zaidi na mwenye mkia wa mistari, hivyo hata kusema "kindi wa Gede" tu bado hujamtaja mtu.

Maelezo ya tabia yalitoka mbali kuliko picha. Bango lilisema kindi hufukia njugu za mwaloni kujiandaa na theluji. Huyo ni Sciurus carolinensis, kindi wa kijivu wa Amerika Kaskazini, ambaye ameandikwa na kupigwa picha kiasi kwamba ukitafuta "kindi" bila jina la pili karibu lazima akutangulie. Mwaloni wanafunzi wangu wanaujua kutoka kwenye Biblia. Hakuna aliyewahi kuuona.

Kwa hiyo chini ya majina mawili ya kichwa cha habari, tulihesabu viumbe saba: miti minne na kindi watatu.

Sentensi iliyokuwa yao

Katikati ya bango kulikuwa na sentensi moja ambayo hatukuipata popote kwenye simu. "Kindi hula mapea na kufukia mbegu zake, ndiyo sababu mipea mwitu imeenea Gede." Hii waliitunga wenyewe. Walichukua kindi anayefukia mbegu, wakachukua mti wenye matunda, wakaunganisha.

Mwalimu mwenzangu aliiona hiyo kuwa ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Mimi nakataa. Sentensi ile ni ya uongo kwa kila neno, na bado ndiyo pekee kwenye bango zima iliyofikiriwa. Zile nyingine zilinakiliwa zikiwa kweli, hii ilijengwa. Mwanafunzi aliyeuliza "hawa wawili wanahusiana vipi?" amefika mahali ambapo mimi sikuwapeleka.

Na hapo ndipo kosa langu linapoonekana. Niliwaambia walinganishe, sikuwaambia walinganishe nini. Ndiyo maana jedwali lao lilijaa mambo kama haya: kindi hutembea, mti hautembei, kindi hula, mti hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, seli za mti zina ukuta wa selulosi na kloroplasti, za kindi hazina, zote mbili zina kiini na mitokondria. Kweli tupu. Lakini ondoa kindi uweke ng'ombe, ondoa mpea mwitu uweke mnazi, na hakuna hata mstari mmoja utakaobadilika. Jedwali ambalo halijali umeweka nani ndani yake haliwezi kukuonyesha kwamba umeweka asiye mwenyewe. Ndiyo sababu mimi pia sikuona.

Tulipokaa jioni ya pili nilibadilisha swali. Tuliwaacha walewale wa pichani, maana kwa bahati wale wawili kweli ni majirani: Paraxerus cepapi na Dombeya rotundifolia wote wanapatikana kwenye hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Picha zilikuwa na ukweli ambao kichwa cha habari kiliuvunja. Nikawauliza: kiangazi kikikaza kule, kila mmoja anaishi vipi?

Majibu yalikuja na uhai wake. Dombeya huangusha majani yote, kisha mwishoni mwa kiangazi, kama Julai hadi Septemba, huchanua maua kabla hata ya jani la kwanza kurudi. Binti akauliza swali ambalo ni la mwanabiolojia: bila majani mti unapata wapi nguvu ya kuchanua? Kutoka kwenye akiba. Wanga uliowekwa shinani na mizizini wakati wa majani ndio unaotumika sasa. Na kindi? Hula mbegu, matunda, maua, majani na wadudu, chochote msimu unachotoa, na kinachozidi hukifukia hapa kimoja, pale kimoja. Kijana wa mjini akasema, "Basi wote wawili ni watu wa akiba." Akaliandika hilo ubaoni, nami sikulifuta.

Kutoka hapo tofauti zikawa na maana. Akiba ya mti iko mwilini mwake na haiwezi kusahauliwa mahali. Akiba ya kindi iko ardhini, inaweza kusahauliwa, na mbegu iliyosahaulika huota. Mti hukua maisha yake yote, kila ncha ya tawi ina sehemu inayoendelea kugawa seli. Kindi hufika kimo chake akakoma, isipokuwa meno yake manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, ambayo hayaachi kukua hadi anakufa. Enameli iko upande wa mbele tu, hivyo kutafuna kwenyewe ndiko kunakoyanoa kama patasi. Moto wa nyika ukija, mti hauwezi kukimbia, lakini gamba lake nene limeukinga shina la ndani. Kindi hukimbilia tundu la mti. Na wakiona nyoka au mwewe, kindi hawa wa kusini hujikusanya wakamzomea kwa pamoja, kwani huishi kikundi kwenye tundu moja na hutambuana kwa harufu ya kikundi hicho. Jike hubeba mimba karibu wiki nane akazaa mmoja hadi watatu. Mti hutoa mbegu kwa wingi bila kuhesabu.

Petali zisizodondoka

Mbegu ndizo zilizoivunja kabisa ile sentensi yao, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa katika kazi yote hiki ndicho kipande ninachokipenda.

Maua mengi petali zake hudondoka kazi ya uchavushaji ikiisha. Za Dombeya hazidondoki. Hukauka palepale zikawa na rangi ya kahawia hafifu, nyembamba kama karatasi, zikalizunguka tunda. Na tunda lenyewe si pea wala si tunda la kuliwa: ni kifuko kikavu chenye vinyweleo, kidogo kama njegere, na ndani mna mbegu moja hadi tatu. Kifuko kikikatika, zile petali kavu hukamata upepo, kikasafiri. Mti umelitumia ua mara mbili. Kwanza kumwita nyuki, kisha kuwa tanga.

Kwa hiyo mti huu haumhitaji kindi. Hauna nyama tamu ya kumhonga. Pyrus wa Ulaya ndio unaohonga: unatengeneza tunda, mnyama analila, mbegu inatembea tumboni mwake. Wanafunzi walipounganisha kindi na mpea walikuwa wamechukua biashara ya mti mmoja wakampa mti mwingine ambao haufanyi biashara hiyo kabisa. Jina la "pea" ndilo lililowaambia kuna tunda. Bila jina hilo wasingelifikiria.

Nilimwona yule binti akiliangalia bango lake kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, mbuyu ni ndugu yake. Na mbuyu unalika."

Hiyo ni hoja, na yeye ndiye aliyeileta. Ndani ya familia moja, mmoja amepewa upepo, mwingine amepewa vinywa. Ua la mbuyu nalo lina petali tano nyeupe, ila ni kubwa, linaning'inia, hufunguka usiku na popo ndio wageni wake. Tunda lake lina ganda gumu na ndani mbegu zimefunikwa ubuyu, ule ambao kila mtoto wa pwani ameula ukiwa umetiwa rangi nyekundu na sukari mpaka ulimi ukageuka. Mbuyu nao huangusha majani kiangazi, nao hukaa na akiba yake shinani. Ukiutafuta pwani ndugu wa ule mti wa pichani, huhitaji simu. Upo.

Jumamosi ya Gede

Mzee ndiye aliyetuongoza. Tulitoka Malindi asubuhi, kilomita kama 15, watu saba kwenye matatu. Nilitaka wanafunzi wamwone kindi kabla ya kumwandika tena, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza na sisi tukalifanya la mwisho.

Gede ulikuwa mji wa Waswahili, ukahamwa katika karne ya 17, msitu ukaufunika. Mwaka 1927 ukawekwa chini ya ulinzi wa serikali, tangu 1948 James Kirkman akaufukua, na mwaka 2024 ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani una kilomita za mraba zipatazo 420, na ni mkubwa kuliko msitu mwingine wowote wa namna yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Haya wanafunzi waliyajua. Hawakujua kwamba ukikaa kimya kando ya ukuta wa jumba la mfalme kwa nusu saa, kindi hukusahau.

Alishuka kwa kichwa, kucha zikishika gamba, akasimama kama hatua kumi kutoka kwetu. Tumbo jekundu, mkia mwekundu unaotikisika kila akilia. Mzee hakusema neno. Binti aliandika saa, hali ya hewa, mti aliotokea na alichoshika mdomoni. Kwenye nafasi ya jina la mnyama aliandika kuchakuro, chini yake Paraxerus palliatus, na chini yake Gede. Mistari mitatu. Nimewaambia darasa zima kwamba kuanzia sasa jina la kiumbe kwenye kazi yoyote nitakayoisahihisha litakuwa na mistari hiyo mitatu, yaani anavyoitwa na wenyeji, anavyoitwa na wanasayansi, na alipoonekana. Anayekosa mmoja namrudishia kazi yake. Kama bango lile lingekuwa nayo, mstari wa tatu peke yake ungetosha: huwezi kuandika Gede chini ya Pyrus pyraster bila mkono kusita.

Bango hatukulichana. Kijana wa mjini alitaka tulichane, mwenzake akakataa, nami nilikuwa upande wa binti. Picha zote mbili zimebaki. Kichwa cha habari kimefunikwa kwa karatasi mpya inayosema KINDI WA NYIKA NA INHLIZIYONKULU, MAJIRANI WA KRUGER. Sentensi za barafu na mwaloni zimekatwa kwa mstari mmoja mwekundu, bado zinasomeka, na pembeni imeandikwa ni za nani. Ile sentensi ya kindi na mapea wameizungushia duara na kuweka alama ya kuuliza.

Wakati tunarudi barabarani mzee alitupitisha penye mbuyu mkubwa karibu na mizinga yake. Chini yake palikuwa na mabuyu yaliyoanguka, mengine mazima, mengine yana tundu dogo ubavuni na ndani yamebaki matupu. Binti aliokota moja, akaligeuza, akaangalia kingo za lile tundu kwa karibu sana.

"Babu, nani anayatoboa haya?"

"Nayakuta hivyo asubuhi."

"Yana alama za meno."

Mzee akalichukua, akalipapasa kwa kidole gumba, akamrudishia. "Njoo alfajiri," akamwambia. "Uje na daftari lako, na usije na watu wengi."

Amekwenda Jumamosi mbili sasa. Daftari lina kurasa sita, na juu ya kila ukurasa kuna ile mistari mitatu. Wa kwanza na wa pili ameuacha wazi.